Scrivener mezani na safarini: tathmini ya programu ya mwandishi wa riwaya

Tathmini nyingi za programu za uandishi humchukulia mwandishi kama mtu aliyeketi mbele ya ukurasa mtupu akiisubiri sentensi ya kwanza. Kwa mwandishi wa riwaya ambaye tayari ana kitabu sokoni na mswada mwingine mezani, ukurasa mtupu ni sehemu ndogo sana ya kazi. Asubuhi yake huishia katika kuhariri sura zilizokwisha kuandikwa, mchana wake hukatwa na safari ya kwenda kwenye uzinduzi au tamasha la vitabu, na jioni humkuta mbele ya hadhira akisoma kurasa chache na kujibu maswali kuhusu wahusika ambao kichwani mwake amekwisha kuagana nao. Programu inayodai kuwa ni ya waandishi wa riwaya inapaswa kupimwa kwa siku ya namna hiyo, na ndivyo nitakavyoipima Scrivener. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa uhariri wa muundo wa riwaya sijaona inayoizidi, safarini inahitaji nidhamu ambayo si kila mtu anayo, na pale mswada unapoingia mikononi mwa mhariri wa shirika la uchapishaji, mwandishi hana budi kuiweka kando.

Scrivener hutengenezwa na Literature & Latte, kampuni ndogo ya Uingereza. Mwasisi wake, Keith Blount, alitaka kuandika riwaya, hakuridhika na zana zilizokuwapo, akaamua kutengeneza ya kwake. Toleo la kwanza la kompyuta za Mac lilitoka mwaka 2007, la Windows likafuata mwaka 2011, na la iPhone na iPad likatoka mwaka 2016. Toleo la 3, ambalo ndilo ninalolizungumzia hapa, lilifika kwenye Mac mwaka 2017 lakini watumiaji wa Windows walilisubiri hadi mwaka 2021. Pengo hilo linaeleza kwa nini maelekezo mengi yanayosambaa hayalingani na kile ambacho msomaji anakiona kwenye kioo chake, na ni vyema anayejifunza ahakikishe kwanza kwamba maelekezo anayoyafuata ni ya toleo lake na ya aina ya kompyuta yake.

Msingi wa programu hii ni kwamba mswada si faili moja ndefu. Mwandishi huugawa katika vipande vya ukubwa wowote anaoutaka, iwe ni sura nzima, onyesho moja au aya tatu ambazo hajui bado zitakaa wapi, na vipande hivyo vyote hupangwa katika safu ya kushoto inayoitwa Binder. Safu hiyo ina folda ya rasimu, ambamo hukaa maandishi yatakayokuwa kitabu, na folda ya utafiti, ambamo huwekwa picha, faili za PDF, kurasa za mtandaoni na kumbukumbu nyingine ambazo hazitachapishwa. Ukibofya kipande kimoja, unakihariri peke yake. Ukichagua vipande kadhaa kwa pamoja, programu inavionyesha vikiwa vimeungana kama maandishi mamoja yanayoteremka, na mabadiliko utakayofanya humo yanaingia katika kila kipande mahali pake. Ukibadili mtazamo, vipande hivyohivyo vinageuka kadi zilizobandikwa kwenye ubao, kila kadi ikiwa na kichwa na muhtasari mfupi ulioandikwa na mwandishi mwenyewe.

Anayesikia maelezo hayo kabla ya kuandika lolote anaweza kuyaona kuwa ni mapambo. Thamani yake hujitokeza pale rasimu inapokuwa imekamilika na imeharibika, yaani wakati mwandishi anajua kwamba hadithi ipo lakini mpangilio wake haubebi uzito. Tuchukue riwaya yenye wasimulizi wawili, mama na binti, ambamo barua iliyofichwa inagunduliwa katika sura ya tisa. Wasomaji wa awali wanasema kwamba nusu ya kwanza inachosha, na mwandishi anashuku kwamba barua inachelewa. Katika faili moja ndefu, kuihamisha barua hadi sura ya nne ni kazi ya kukata, kubandika, kupotea na kurudi, na mara nyingi mwandishi huahirisha jaribio hilo kwa sababu tu gharama ya kulijaribu ni kubwa. Katika Scrivener anakishika kipande cha barua kwa kipanya, anakivuta juu, anakiachia. Ikiwa jaribio halikufaa, anakirudisha.

Kuhamisha kipande, hata hivyo, ni mwanzo tu wa tatizo. Sura ya tano, ya sita na ya saba ziliandikwa na mtu aliyejua kwamba binti hajaiona barua, na sasa ameiona. Hapa ndipo utafutaji wa programu unapofanya kazi ambayo macho yaliyochoka hayawezi kuifanya kwa uhakika. Mwandishi hutafuta neno «barua» katika rasimu nzima, halafu huihifadhi orodha ya matokeo kama mkusanyiko unaojisasisha wenyewe kila maandishi yanapobadilika. Mkusanyiko huo unaonyesha kila kipande kinachoitaja barua bila kuondoa chochote mahali pake katika Binder, na mwandishi anaweza kuupitia kuanzia juu hadi chini akirekebisha kile ambacho binti anakijua na kile ambacho bado hakijui. Nimeona waandishi wakiifanya kazi hiyo kwa karatasi za rangi zilizobandikwa ukutani, na sina sababu ya kuwakejeli, lakini ukuta hauendi safarini.

Rangi nazo zipo. Kila kipande kinaweza kupewa lebo, na lebo ikapewa rangi inayoonekana kwenye Binder na kwenye kadi. Ukimpa mama rangi ya kahawia na binti rangi ya kijani, ukautazama ubao kwa mbali, unaona bila kusoma neno hata moja kwamba mama ametoweka kwa sehemu kubwa ya katikati ya kitabu. Mhariri mzuri angeliona jambo hilo na kuliandika kwa upole katika barua yake, ila ni afadhali mwandishi aligundue kabla hajautuma mswada, kwa sababu maoni ya mhariri ni rasilimali yenye kikomo na si busara kuyatumia kwa makosa ambayo ubao wa kadi ungeyaonyesha.

Kipengele kingine ambacho ningekitetea hata kama vingine vyote vingeondolewa ni kile cha Snapshots. Kabla ya kukivunja kipande, mwandishi huhifadhi nakala ya jinsi kilivyo kwa wakati huo, huipa jina kama «kabla ya kumtoa mjomba», kisha huendelea kukata bila huruma. Nakala hiyo hukaa upande wa kulia wa kipande husika, inaweza kulinganishwa na maandishi ya sasa ili kuona kilichoongezwa na kilichofutwa, na inaweza kurejeshwa yote. Faida yake ni ya kisaikolojia kuliko ya kiufundi. Mwandishi anayejua kwamba aya aliyoipenda bado ipo mahali fulani huifuta kwa mkono mwepesi zaidi, na katika uzoefu wangu ni mara chache mno ambapo aya hiyo hudaiwa tena.

Kuna jambo dogo linalonikera kila ninaporudi kwenye uhariri. Programu ina dirisha la malengo, lenye mstari unaojaa kadiri maneno yanavyoongezeka, na mwandishi anaweza kuweka tarehe ya mwisho na kuchagua siku za juma ambazo ataandika, ili programu yenyewe ikokotoe idadi ya maneno ya kila siku. Kwa rasimu ya kwanza hiyo ni huduma nzuri, na kwa mtu mwenye safari nyingi uwezo wa kuziondoa siku za safari kwenye hesabu ni wa busara. Lakini uhariri ni kazi ya kupunguza. Mtu anayetumia asubuhi nzima kulifanya onyesho la kurasa nane liwe la kurasa tano amefanya kazi kubwa, na mstari unabaki kumtazama ukiwa mtupu. Akiruhusu hesabu ishuke chini ya sifuri, ndiyo kwanza anaonekana kuwa na deni. Ninashauri dirisha hilo lifungwe kabisa baada ya rasimu ya kwanza. Saa moja iliyopangwa ni kipimo bora kuliko hesabu ya maneno.

Katika uhariri wa sentensi, ambao ni kazi tofauti na uhariri wa muundo, Scrivener ni ya kawaida. Mtazamo unaofunika kioo chote na kuficha kila kitu isipokuwa maandishi unasaidia kutulia, na dirisha linaweza kugawanywa mara mbili ili sura ya pili na sura ya ishirini zisomwe kwa pamoja, jambo linalofaa sana kwa mwandishi anayetaka kuhakikisha kwamba kovu la mhusika halijahama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Kipo pia chombo cha kuangazia mazungumzo peke yake, na maandishi mengine yote yakafifia, ambacho hufichua haraka wahusika wanaozungumza kwa sauti moja. Chombo hichohicho kina uwezo wa kuonyesha aina za maneno, kama vile vielezi, lakini mwandishi wa Kiswahili asitarajie kuambulia kitu hapo. Vilevile, akiacha ukaguzi wa tahajia ukiwa katika Kiingereza, ukurasa wake utajaa mistari myekundu chini ya maneno yaliyo sahihi kabisa, na baada ya muda jicho huzoea wekundu huo na kuyapita hata makosa halisi. Dawa ni kuuzima ukaguzi huo, kisha kuufanya usomaji wa mwisho kwa sauti, mdomo ukiwa ndio kamusi.

Sasa nije kwenye eneo ambalo limewafanya waandishi wengi waiache programu hii, nalo ni utoaji wa mswada. Kwa kuwa maandishi yamo vipande vipande, lazima yaunganishwe ili yawe faili moja ya Word, PDF au kitabu cha kielektroniki, na kazi hiyo hufanywa kupitia amri iitwayo Compile. Wazo lenyewe ni zuri: mwandishi huandika kwa herufi anazozipenda, za ukubwa unaomfaa, na wakati wa kutoa programu huzivisha sura sare ambayo mchapishaji ameiomba. Utekelezaji wake ndio mgumu. Katika toleo la 3 kila kipande kina aina yake, kila aina hupewa mpangilio wake wa mwonekano, na mipangilio hukusanywa katika mtindo wa jumla; mtu asiyezielewa ngazi hizo tatu na jinsi zinavyohusiana atajikuta akitoa mswada ambao vichwa vya sura vimejirudia, au ambao nyota za kutenganisha maonyesho zimeonekana mahali pasipotakiwa. Ninaamini kwamba watengenezaji wameujenga uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya mwandishi wa riwaya, ambaye mara nyingi anataka tu mistari yenye nafasi mbili, namba za kurasa, na jina lake pale juu. Ushauri wangu ni kutumia mtindo wa mswada uliomo tayari, kubadilisha mambo machache sana, na kuyafanya yaliyobaki ndani ya Word.

Na Word haiepukiki. Nje ya maandishi ya mwandishi peke yake kuna mhariri, mhariri wa lugha na msoma prufu, yaani anayekagua kurasa zilizopangwa kabla hazijachapwa, na wote hao kwa kawaida hufanya kazi katika faili ya Word iliyowashwa ufuatiliaji wa mabadiliko, ambamo kila neno lililoongezwa au kufutwa huonekana kwa rangi na mwandishi hulikubali au hulikataa. Scrivener haina ufuatiliaji wa namna hiyo. Ukiiingiza faili ya mhariri ndani yake, maoni ya pembeni huja, lakini mabadiliko yaliyofuatiliwa hayaji kama mabadiliko unayoweza kuyakubali moja baada ya jingine. Kwa hiyo kuanzia siku mhariri anapourudisha mswada, mswada halali ni ule wa Word, na ule ulio ndani ya Scrivener unabaki kuwa kumbukumbu. Wapo wanaojaribu kuziendesha nakala zote mbili sambamba. Siwashauri wengine wawafuate, kwa sababu mabishano juu ya ipi ni ya karibuni zaidi huanza ndani ya juma la kwanza.

Hilo halina maana kwamba programu haina kazi tena katika hatua hiyo. Prufu zinapokuja katika PDF, zikiwa zimekwisha kupangwa kurasa, mwandishi anaweza kuiweka faili hiyo katika folda ya utafiti, akaligawa dirisha, akaisoma prufu upande mmoja huku rasimu yake ya mwisho ikiwa upande wa pili. Aya inayoonekana kuwa na neno lililodondoka huthibitishwa papo hapo kwa kulitazama andiko la asili. Masahihisho yenyewe huandikwa kwa utaratibu ambao mchapishaji ameuweka, na katika hatua hiyo mwandishi hutakiwa kugusa machache iwezekanavyo, kwa sababu sentensi moja iliyoongezwa inaweza kuisukuma mistari hadi mwisho wa sura.

Safarini programu hii ina nguvu moja kubwa na udhaifu mmoja unaoweza kugharimu. Nguvu yake ni kwamba haihitaji intaneti. Mradi wote, pamoja na utafiti wake, umo ndani ya kompyuta, na mwandishi aliyekwama katika uwanja wa ndege au anayesafiri kwa garimoshi kupita maeneo yasiyo na mawimbi anaendelea kufanya kazi kama vile yuko mezani kwake. Programu yenyewe huhifadhi maandishi mara mwandishi anapotulia kwa sekunde mbili hivi, na kila mradi unapofungwa hutengeneza nakala ya akiba. Ni jambo la msingi kuielekeza folda ya nakala hizo kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski nyingine, kwa maana nakala ya akiba iliyomo ndani ya kompyuta ileile itaibiwa pamoja na kompyuta. Inafaa pia kuongeza idadi ya nakala zinazotunzwa, kwa kuwa kwa kawaida programu hubakisha tano za mwisho tu, na mtu anayefungua na kufunga mradi mara nyingi kwa siku atakuwa na nakala tano za siku moja.

Udhaifu unatokana na jinsi mradi ulivyojengwa. Kinachoonekana kwenye Mac kama faili moja, kwenye Windows huonekana wazi kuwa ni folda yenye faili nyingi ndogo ndani yake, kila kipande cha maandishi kikiwa na faili yake. Huduma za hifadhi ya mtandaoni huzipeleka faili hizo moja moja. Mwandishi akifunga kompyuta ya mezani kabla upelekaji haujakamilika, kisha akaufungua mradi kwenye kompyuta ya mkononi akiwa njiani, anaweza kukutana na mradi ambao nusu yake ni wa leo na nusu ni wa jana. Kanuni ni nyepesi kuisema: funga mradi, subiri hifadhi ithibitishe kwamba kila kitu kimefika, ndipo ufungue kwingine. Ugumu ni kuitii kanuni hiyo wakati gari linakusubiri nje. Kwa anayesafiri sana ningependekeza njia ya uhakika zaidi, ambayo ni kuwa na kompyuta moja tu, ile ya mkononi, na kuiunganisha na kioo kikubwa anaporudi.

Toleo la iPhone na iPad hulandanishwa na kompyuta, yaani maandishi ya pande zote mbili hufanywa yalingane, kupitia Dropbox, ambayo ni huduma ya hifadhi ya mtandaoni. Ni toleo zuri kuliko nilivyolitarajia. Binder imo, muhtasari umo, na maandishi yanaweza kuhaririwa bila mtandao kisha yakalandanishwa baadaye. Ikiwa kipande kimoja kimebadilishwa pande zote mbili, programu haichagui mshindi kwa siri bali huiweka nakala inayogongana katika folda ya pekee ili mwandishi aamue mwenyewe, na huo ni uaminifu ambao ningependa kuuona katika programu nyingi zaidi. Wenye simu za Android hawana chao, kwani toleo lao halipo. Wanaweza kulandanisha vipande vyao na folda ya nje na kuvihariri kwa programu nyingine ya maandishi, lakini mzunguko huo una hatua nyingi, na mtu aliyechoka na safari huishia kuandika mawazo yake katika programu ya kawaida ya kumbukumbu na kuyahamisha akifika.

Nadhani inafaa kueleza ni kazi gani hasa inayowezekana safarini, maana matarajio yasiyo na mipaka ndiyo huwafanya watu wailaumu zana. Uhariri wa muundo unahitaji kichwa kinachokishika kitabu kizima kwa wakati mmoja, na kichwa hicho hakipatikani kati ya tangazo la lango la kuondokea na wito wa kupanda ndege. Kinachowezekana ni kipande kimoja: kusoma onyesho lenye kurasa nne, kukata mazungumzo yaliyorefuka, kuandika muhtasari wa kadi ambazo ziliachwa wazi. Kwa kazi ya ukubwa huo, mgawanyo wa Scrivener unafaa kwa namna ambayo faili ndefu haiwezi kufaa, kwa sababu mwandishi anafungua alichokikusudia peke yake na havutwi na sura nyingine. Kabla ya safari ninapendelea kuandaa mkusanyiko wa vipande vichache vinavyohitaji marekebisho madogo, na nikifika sina haja ya kuamua nianzie wapi.

Uuzaji wa kitabu ndio upande ambao programu hii haikutengenezwa kwa ajili yake, na pengine kwa sababu hiyo matumizi yake humo hayazungumzwi sana. Mwandishi anayezungushwa kwenye uzinduzi, maduka ya vitabu na vikao vya wasomaji huombwa mara kwa mara asome sehemu ya kitabu chake, na kurasa zinazosomeka vizuri kwa sauti mara nyingi si zile zinazosomeka vizuri kimyakimya. Aya yenye majina matano mapya humchanganya msikilizaji ambaye hawezi kurudi nyuma, na mzaha unaotegemea jambo la sura iliyotangulia hufa ukumbini. Kwa hiyo mwandishi mwenye uzoefu hutengeneza toleo la kusomea: huunganisha nusu ya onyesho moja na mwisho wa jingine, huondoa wahusika wasiohitajika jioni hiyo, na huishia pale ambapo msikilizaji atataka kujua kinachofuata.

Katika Scrivener kazi hiyo ni nyepesi. Vipande vinavyofaa hunakiliwa katika folda ya pembeni, nje ya rasimu, hupunguzwa bila kukigusa kitabu chenyewe, kisha Compile huelekezwa kwenye vipande hivyo tu na kutoa kurasa zenye herufi kubwa, za pointi 16 au 18, na nafasi pana kati ya mistari. Anayesoma chini ya taa hafifu ya jukwaani ataelewa kwa nini ninalitilia mkazo jambo hili. Niliweka folda yenye sehemu za urefu tofauti, fupi kwa vikao vyenye waandishi wengi na ndefu kwa jioni ya mwandishi mmoja, na tangu hapo swali la «utatusomea nini?» halinipi tabu. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu zilizopunguzwa kwa ajili ya jukwaa mara nyingine hunifundisha jinsi ambavyo sura ingepaswa kuandikwa tangu awali, ingawa kitabu kimekwisha kuchapishwa na hakuna la kufanya.

Folda ya utafiti nayo hupata kazi nyingine wakati huo. Humo huwekwa maelezo mafupi ya mwandishi ambayo waandaaji huyaomba, kila mmoja kwa urefu wake, picha ya jalada, na majibu ya maswali ambayo waandishi wa habari hurudia kuyauliza. Simaanishi majibu ya kukariri, kwani hadhira hulitambua jibu lililokaririwa kabla halijafika katikati, bali vidokezo vya yale ambayo mwandishi hataki kuyasema, hasa siri za hadithi ambazo hazifai kufichuliwa kwa mtu ambaye hajasoma. Mtu aliyeishi na riwaya kwa miaka husahau kwamba kifo kilichomo katika sura ya kumi na mbili bado ni habari mpya kwa ukumbi mzima.

Kwa kilichobaki katika kazi ya uuzaji, yaani barua pepe, tiketi, ratiba na mawasiliano na maduka, programu haina msaada wowote na haipaswi kuulizwa. Nimeona mapendekezo ya kutengeneza ratiba za safari ndani ya Scrivener kwa kutumia kadi zake. Yanawezekana, lakini kalenda ya simu hukumbusha kwa kengele, na kadi hailii.

Leseni hulipwa mara moja badala ya kila mwezi, jambo ambalo kwa mtu ambaye mapato yake huja kwa vipindi visivyotabirika lina uzito, ila matoleo ya Mac, Windows na vifaa vya Apple vya mkononi kila moja lina leseni yake. Anayeandika pamoja na mwenzake kwa wakati mmoja asiinunue; haina uwezo wa watu wawili kuwa ndani ya mradi mmoja, na Google Docs itawafaa zaidi. Anayeandika hadithi fupi atahisi kwamba amekodi ghala kuhifadhi kiti. Anayepanga riwaya yake yote kichwani na kuiandika kwa mfululizo kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuhamisha kitu, hatakosa chochote akibaki na Word.

Kipindi cha majaribio ni cha siku 30, na zinazohesabiwa ni zile tu ambazo programu imefunguliwa, kwa hiyo anayeifungua mara mbili kwa juma ana majuma 15 ya kuamua. Ningemshauri asikitumie kipindi hicho kuanzisha hadithi mpya. Achukue rasimu yake iliyokamilika na inayomsumbua, aiingize kwa amri ya kuigawa kila penye kichwa cha sura au alama ya kutenganisha maonyesho, aandike muhtasari wa sentensi moja kwa kila kadi, kisha ajaribu kulihamisha onyesho ambalo amekuwa akiogopa kuligusa.